Tabaka, Pindo na Mji: Lugha ya Usanifu wa Tovuti Kibera na Kawangware

Katika vikao vya vyama vya tarakilishi vinavyofanyika kwenye kumbi za makanisa, maktaba na vituo vya vijana huko Kibera na Kawangware, sauti mbili husikika kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mashine, nayo huzungumza Kiingereza katika menyu, vitufe na maonyo yake yote. Ya pili ni ya mkufunzi anayefafanua kwa Kiswahili, aghalabu kilichochanganywa na Sheng, kile ambacho mashine imesema. Makala haya yanaishughulikia sauti hii ya pili, hasa pale somo linapokuwa usanifu wa picha na tovuti, kwa kuwa huko ndiko upungufu wa istilahi unakojitokeza wazi.

Mafunzo ya aina hii si mageni jijini Nairobi. Mnamo mwaka wa 2000 mradi wa NairoBits ulianza kuwafundisha vijana wa mitaa ya mabanda usanifu wa tovuti, kwa ushirikiano na wasanifu wa Butterfly Works kutoka Uholanzi. Baadaye mfano huo ulifika Zanzibar kwa jina la ZanziBits, na Kampala kwa jina la KampaBits. Programu zilizotawala enzi hizo ni Photoshop ya kampuni ya Adobe kwa upande wa picha, pamoja na Dreamweaver na Flash za kampuni ya Macromedia kwa upande wa kurasa na michoro inayotembea. Ikumbukwe kwamba kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ingefanya kazi bila dosari yoyote, ililetea tarakilishi baiti 7,000 tu kila sekunde. Picha ya kilobaiti 350 ingemkalisha msomaji sekunde 50 mbele ya skrini, naye akilipia saiba kwa dakika. Kwa hivyo somo la kubana picha halikuwa pambo.

Sasa, mkufunzi anaelezaje tofauti kati ya picha ya nukta na picha ya mistari? Tafsiri ya neno kwa neno haimsaidii. Lakini nje ya mlango wake, kando ya barabara ya Kawangware, yuko fundi anayechora bango la kinyozi. Fundi huyo hugawa kielelezo chake kidogo katika miraba, kisha hugawa ukuta katika miraba mikubwa yenye idadi ile ile, na kuuhamisha mchoro mraba baada ya mraba. Anachohamisha ni uwiano wa mistari, wala si rangi iliyokwisha kukauka kwenye karatasi. Ndivyo ilivyo picha ya mistari: tarakilishi huhifadhi maagizo ya kuichora, hivyo ikikuzwa hubaki na makali yake. Picha ya nukta, kama ile ya kamera, ina idadi maalumu ya vipande vya rangi. Ikikuzwa kupita kiasi, vipande hivyo huonekana kimoja kimoja mithili ya vigae. Mwanafunzi aliyemtazama fundi wa mabango tangu utotoni tayari ana dhana hiyo, ila hajaambiwa kwamba anayo.

Dhana nyingine muhimu katika Photoshop ni kwamba picha moja hujengwa kwa karatasi nyingi angavu zilizopandana. Vikaoni neno linalotumika ni ‘leya’. Neno ‘tabaka’ lipo, na linafaa zaidi, ingawa kwa mwanafunzi aliyesoma riwaya za kitabaka shuleni huibua kicheko: tabaka la juu hulifunika la chini, na la chini huonekana tu pale lile la juu lilipotobolewa au kupunguzwa uzito. Kicheko hicho kina manufaa ya kufundishia, maana anayecheka ameielewa kanuni yenyewe.

Kuhusu mpangilio wa ukurasa, Kiswahili kina hazina ambayo haijatumika ipasavyo, nayo ni kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi yake. Ukurasa wa tovuti nao hupangwa kwa visanduku, na kila kisanduku kina mpaka wake, nafasi tupu ndani na nje ya mpaka huo, na yaliyomo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba mpaka ni pindo na yaliyomo ni mji hatahangaika kujua ni kipimo kipi abadilishe. Hata hivyo, mfano huu una kikomo. Vipimo vya kanga havibadiliki ilhali ukurasa hujinyoosha au kujikunja kulingana na skrini, na tangu simu za mkononi zienee, ukurasa usiojikunja haufai.

Rangi nazo zina sarufi yake. Vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa vitu vyenye rangi hizo, kama vile manjano, kahawia, kijivu na samawati. Mashine huanza na nyekundu, kijani na samawati, kila moja ikiwa na viwango 256, na kwa kuvichanganya hupatikana rangi 16,777,216. Hapo fundi wa mabango hupotoka, kwani kwenye skrini nyekundu na kijani huzaa manjano, jambo ambalo rangi za mkebe hazilifanyi.

Yamkini mtu atauliza: je, si rahisi zaidi kukariri vitufe vya Kiingereza? Ni rahisi, na wengi hufanya hivyo. Hasara huja baadaye. Mwaka wa 2005 Adobe iliinunua Macromedia, na matoleo yaliyofuata yakabadilisha sura ya programu zile. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ilikoma kuihudumia Flash kabisa. Aliyekuwa amekariri mahali pa kitufe alipoteza ujuzi wake pamoja na kitufe hicho. Aliyekuwa ameelewa tabaka, uwiano na mfuatano wa picha aliweza kuhamia programu nyingine, zikiwemo GIMP na Inkscape ambazo hazilipiwi.

Katika miaka hiyo hiyo, wataalamu wa Kiswahili walijadiliana kwa bidii kama mashine iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na thamani, lakini uliligusa jina la sanduku kuliko yaliyomo ndani yake. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwenda mbali zaidi ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ambamo menyu zenyewe ziliandikwa kwa Kiswahili. Programu za usanifu wa tovuti hazikuwamo. Photoshop na Dreamweaver hazikuvikwa vazi hilo.

Mwaka huo wa 2009 ambapo nyaya zilifika, vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao kwa vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, na kuiweka katika OpenStreetMap, kwani katika ramani za umma mtaa huo ulikuwa karibu mtupu. Ramani kama hiyo pia ni tabaka juu ya tabaka: njia, shule, zahanati, vyoo, vituo vya maji. Zima yote uache la maji peke yake, na mkaazi wa Laini Saba au Makina ataonyesha kwa kidole mahali ambapo nukta haipo.