Vimeng'enya Katika Chakula cha Kambare

Mkulima mwenye pumba za mpunga, soya na mashudu ya alizeti hupenda kulisha navyo kambare wake, maana dagaa ni ghali. Shauri hilo ni jema, lakini lina shida moja ambayo yafaa uijue.

Katika pumba na mbegu mna fosforasi nyingi, nayo ndiyo ijengayo mifupa ya samaki. Lakini sehemu yake kubwa imefungwa, kama akiba iliyo katika ghala lenye kufuli, na tumbo la kambare halina ufunguo. Basi fosforasi hiyo hutoka katika mavi. Hasara huwa mbili: samaki hakui vizuri, na maji ya bwawa hurutubika kupita kiasi, mwani ukazidi.

Ufunguo upo. Ni kimeng'enya kiitwacho fitesi, nacho hufanya kazi vyema penye uchachu, kama tumboni mwa kambare. Kiasi kinachotumika sana ni vizio 500 hadi 1,000 kwa kila kilo ya chakula. Soma maandishi ya mfuko kabla ya kupima.

Angalia sana: moto mkali huharibu fitesi. Soya ni lazima ikaangwe au ichemshwe, kwa maana soya mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Lakini ukitia fitesi kisha ukapika, umetupa fedha yako. Fanya hivi:

1. Kaanga soya, saga, changanya na vyakula vingine, kisha tengeneza vidonge.

2. Kausha vidonge na uviache vipoe kabisa.

3. Koroga fitesi katika maji safi kidogo. Nyunyiza juu ya vidonge huku ukivigeuza, kisha uvianike kivulini.

4. Paka mafuta kidogo ya alizeti, ili fitesi isioshwe upesi bwawani.

5. Weka mahali pakavu, pasipo joto.

Usidanganyike kwamba kimeng'enya ni chakula. Kambare aliyepewa pumba peke yake atadumaa hata ukimtilia fitesi, kwa kuwa anahitaji protini ya kutosha.

Mwenye mabwawa mawili na ajaribu katika moja kwanza. Pima uzito wa samaki 20 wa kila bwawa baada ya kila majuma mawili, uandike. Mizani ndiyo itakayokuambia kama faida imezidi gharama. Ukiwa na shaka, mwone Afisa Uvuvi wa wilaya yako.