Malawi: Uhuru Bado Una Wenyewe

Je, Wamalawi wa leo bado wanauthamini uhuru waliopigania wazee wao? Kilio cha mapambano kilikuwa Kwacha, yaani kumekucha; leo ni jina la fedha. Na baada ya uhuru wa Julai 6, 1964, kulikucha kwa wachache: chama kikabaki kimoja, na mwaka 1971 Dakta Kamuzu Banda akafanywa Rais wa maisha.

Lakini kura ya maoni ya 1993 iliukataa mfumo huo. Tena uchaguzi wa 2019 ulipotiliwa shaka, wananchi waliandamana kwa miezi mingi, hata Mahakama ikaubatilisha Februari 2020. Peter Mutharika akaondoka kwa kura. Mwaka 2025 kura hizo hizo zikamrudisha.