Kufundisha Maana ya Ridhaa Katika Matumizi ya Intaneti

Mgeni afikaye kwenye nyumba ya tembe hapa Ugogo hasukumi mlango. Hubisha hodi, akangoja kuitikiwa. Tunapowafundisha watoto wa darasa la sita maana ya ridhaa yafaa tuanzie hapo, kwani jambo hilo wamelijua tangu nyumbani.

Kivinjari ni programu itumiwayo kufungulia kurasa za intaneti. Ukurasa ufungukapo, tovuti huweza kuweka katika simu au kompyuta kumbukumbu ndogo ziitwazo vidakuzi. Baadhi zina kazi ya lazima, mathalani kumtambua aliyekwisha kuingia ili asiulizwe nywila kila mara. Nyingine ni za makampuni ya matangazo, nazo humfuata msomaji kutoka tovuti hii hadi ile, zikiweka alama ya alichosoma na alichotafuta. Hizi ndizo hasa zinazohitaji hodi. Lakini hodi yenyewe hupigwaje? Aghalabu kitufe cha "Kubali yote" hung'aa, na njia ya kukataa hufichwa nyuma ya kurasa mbili tatu za Kiingereza cha wanasheria. Abonyezaye ili apate kusoma habari hakuridhia, amechoka tu.

Hata jina laweza kupotosha. Kivinjari cha Chrome kina "hali fiche", ambayo haihifadhi katika kifaa orodha ya kurasa zilizotembelewa. Wengi walidhani basi hakuna awaonaye. Mwaka 2020 watumiaji nchini Marekani waliishtaki Google kwa kukusanya taarifa zao wakiwa katika hali hiyo. Kampuni iliyakana madai, lakini katika suluhu ya mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Hapa kwetu, Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mjini Dodoma mwezi Novemba 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Mwalimu hana budi kulijua hilo kabla ya kuwafungulia wanafunzi akaunti yoyote.

Darasani, wagawie karatasi zenye nafasi za jina, kijiji, simu ya mzazi na ugonjwa waliowahi kuugua. Usieleze neno. Watashika kalamu mara moja, kwa kuwa mwalimu kasema. Wasimamishe hapo hapo, uwaulize: nani atazisoma? Zitatunzwa wapi, na hadi lini? Nani alijua kwamba aweza kukataa? Swali hili la mwisho usiliharakishe, maana kumkatalia mwalimu si jambo jepesi kwa mtoto, na ugumu huo ndio kiini cha somo. Kisha kila mtoto aichane karatasi yake mwenyewe.

Sisi wakufunzi nasi tulikuwa tukibandika ubaoni majina na namba za simu za wanachuo waendao mazoezi ya kufundisha, pasipo kumwuliza yeyote. Mwaka huu tumewauliza. Wanne walikataa, na orodha haikubandikwa.