Je, Wajua? Deki Inayoshinda Kabla ya Kuchezwa

Je, wajua kwamba mojawapo ya deki zilizoogopwa sana katika Pokémon TCG Pocket ilikuwa na Pokémon wa aina moja tu? Mchezo huo wa simu ulitoka Oktoba 2024, na deki yake ni ndogo: karata 20, wala karata za jina moja haziruhusiwi kuzidi mbili. Mgeni hujaza humo kila jitu analolimiliki. Wasaka ushindi walichukua Articuno ex wawili, nafasi 18 zilizobaki wakazijaza karata za msaada, basi.

Siri iko kwenye kanuni ya kuanzia. Mkono wa kwanza una karata tano, na programu huhakikisha kwamba humo hakosekani Pokémon wa msingi angalau mmoja, maana bila yeye mchezo hauanzi. Sasa kama Pokémon wa pekee uliyemweka ni Articuno, programu haina pa kukwepea: lazima ikupe huyo huyo. Wenzako wanaomba dua walambe dume. Wewe dume umeshakabidhiwa kwa mujibu wa kanuni.

Katika zile 18 yumo Misty, karata inayokuruhusu kurusha sarafu tena na tena hadi kichwa kikosekane, na kila kichwa huleta nishati moja ya maji. Shambulio la Articuno liitwalo Blizzard linadai nishati tatu. Mchezaji wa pili hupewa nishati moja kwenye zamu yake ya kwanza, kwa hiyo akipata vichwa viwili mfululizo, nafasi ambayo ni moja kati ya nne, anapiga pointi 80 kwa aliye mbele na 10 kwa kila aliye benchi. Mpinzani aliyeanza na Ralts mmoja mwenye uhai wa 60, benchi tupu, hajagusa kitu na tayari ameaga. Lakini nusu ya mara zote Misty haleti hata nishati moja. Tena Articuno akidondoka kabla wa pili hajafika benchi, umeshindwa wewe. Ndiyo maana deki hii ilichukiwa na pande zote mbili za meza, na mimi siwalaumu.

Je, wajua kwamba katika mchezo huo huo nishati hazimo kwenye deki? Katika karata za Pokémon za mkononi, deki ina karata 60, na kadhaa kati ya hizo ni nishati ambazo huenda zikagoma kutokea. Kwenye Pocket, mtambo unakupa moja kila zamu, isipokuwa zamu ya kwanza ya anayeanza. Ukisajili nishati ya aina mbili, unapewa yoyote kwa bahati. Ukisajili aina moja, bahati imeondoka. Deki nyingi kali za mwanzo zilikuwa za rangi moja kwa sababu hiyo.

Mfano ni Mewtwo ex. Shambulio lake kubwa linapiga 150, kisha linamlia mwenyewe nishati mbili. Mpe Gardevoir nyuma yake, ambaye kila zamu anamwongezea nishati moja, ujumlishe na ile ya kawaida: mbili zimetoka, mbili zimerudi. Anapiga 150 kila zamu bila kupumzika. Kasoro ni kwamba Gardevoir huanza akiwa Ralts, akapitia Kirlia, na katika mwendo huo mrefu ndipo watu hupoteza michezo.

Je, wajua kwamba deki iliyofundisha watu hesabu ya gharama ilijengwa kwa karata ambazo wengi walizidharau? Hapo tunarudi nyuma kwenye karata za karatasi, kwenye Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield na kutoka mwaka 1993. Mwaka 1996 huko Atlanta, Marekani, mchezaji aitwaye Paul Sligh aliingia kwenye mashindano ya kufuzu na deki ya rangi nyekundu yenye vijitu dhaifu, vya bei ndogo, ambavyo wakusanyaji waliviacha chini ya boksi. Wazo lilikuwa la Jay Schneider: zamu ya kwanza uwe na cha kutumia mana moja (mana ni nguvu ya kulipia karata), ya pili cha kutumia mbili, ya tatu hivyo hivyo, usipoteze hata mana moja wakati mwenzako anasubiri jitu lake la zamu ya saba. Ilifanya kazi. Deki ikaitwa Sligh, jina la aliyeicheza, si la aliyeibuni. Schneider hakupata haki yake hapo.

Hesabu hiyo ndiyo ilihamia kwenye skrini. Hearthstone ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka rasmi Machi 2014, ina deki ya karata 30 na mana inayoongezeka moja kila zamu hadi kumi. Humo deki za vijitu vya bei rahisi za mchawi Warlock, zilizopewa jina la Zoo, ziliwawezesha watu wasiotumia pesa nyingi kuwapiga waliojaza karata za dhahabu. Warlock anaweza kulipa mana mbili na uhai mbili aokote karata ya ziada, kwa hiyo mkono wake haukauki.

Je, wajua kwamba karata moja ya mana tano iliwahi kujaza meza nzima kwa zamu moja? Anaitwa Grim Patron, kibeti wa baa aliyekuja Aprili 2015: nguvu tatu, uhai tatu, na kila anapoumizwa akabaki hai, anatokea mwenzake mzima wa kufanana naye. Peke yake ni kero ndogo. Tatizo lilikuwa Warsong Commander, karata ya mana tatu iliyokuwepo tangu mwanzo, iliyosema kila askari wako wa nguvu tatu kushuka chini anaweza kushambulia papo hapo.

Piga picha mezani, zamu ya tisa. Unamteremsha Warsong kwa mana tatu, kisha Patron kwa tano. Umebaki na moja. Unatupa Whirlwind, mana moja, inayomchoma kila aliye mezani pointi moja, wako na wa mwenzako. Patron ameumia, yu hai, na ndugu yake amezaliwa. Sasa ni wawili na wote wana ruhusa ya kushambulia. Kila mmoja anamgonga askari dhaifu wa mpinzani, anaumia kidogo, anazaa tena: wanne. Na wale wapya nao, kwa kuwa Warsong bado amesimama, wanashambulia. Kadiri mpinzani alivyojaza vijitu vidogo kujilinda, ndivyo alivyowapa hawa chakula. Deki iliyoadhibu kujilinda, sijaona nyingi za namna hiyo.

Oktoba 2015 Blizzard ikamwandika upya Warsong Commander. Badala ya kuwapa askari ruhusa ya kushambulia papo hapo, akawa anawaongezea nguvu moja tu wale ambao tayari wana ruhusa hiyo. Patron hakuguswa hata herufi. Mbinu ile ya kujaza meza kwa zamu moja ikafa.

Je, wajua muda kati ya karata kutoka na kudhoofishwa unaweza kuwa mfupi kiasi gani? Demon Hunter, tabaka jipya la Hearthstone, aliingia tarehe 7 Aprili 2020, na kesho yake karata zake kadhaa zikapandishwa bei au kupunguzwa makali. Karata ya karatasi ungeweza kuipiga marufuku tu, wino haufutiki. Ya kwenye skrini hubadilika ukiwa umelala. Fidia ipo: kwa muda maalumu Hearthstone humruhusu mwenye karata iliyoguswa kuivunja na kurudishiwa thamani yake yote, kwa hiyo wapo wanaoshangilia deki yao ikichinjwa.

Je, wajua kwamba kompyuta iliweza kutabiri karata utakayocheza? Elie Bursztein, mtafiti wa usalama wa mitandao, alionyesha mwaka 2014 kwenye mkutano wa DEF CON mjini Las Vegas programu iliyojifunza kutoka kwenye michezo mingi ya Hearthstone. Ukishacheza karata mbili tatu, inakisia zinazofuata, na kati ya zamu ya tatu na ya tano kisio lake la kwanza lilikuwa sahihi zaidi ya mara 95 kati ya 100. Haikuwa uchawi. Wachezaji wananakili deki zilezile zinazoshinda, kwa hiyo anayezijua deki kumi anajua karibu kila mtu ameshika nini. Blizzard walimwomba asiitoe hadharani, naye akakubali.

Wale wanaolalamika kwamba programu inawachangia karata vibaya, wana haki kidogo, ila kwa upande wasioutarajia. Kwenye MTG Arena, yaani Magic ya kwenye skrini, ukicheza mchezo mmoja wa kuamua mshindi, programu huchanga zaidi ya mkono mmoja wa kuanzia, kisha huegemea kukupa ule ambao uwiano wake wa ardhi, karata zinazotoa mana, na karata nyingine unakaribiana na ule wa deki yako. Inakupendelea. Wajuzi walipoelewa hilo wakapunguza ardhi kwenye deki zao za mchezo mmoja, wakaweka silaha mahali pake. Deki hiyo hiyo ukiipeleka kwenye mchezo wa raundi tatu, ambako msaada huo haupo, inaweza kukuaibisha.

Je, wajua kwamba deki kali kuliko zote mara nyingi haichezwi kabisa? Kwenye mashindano ya Hearthstone ya mtindo wa Conquest, mchezaji huja na deki kadhaa za matabaka tofauti, na mpinzani ana haki ya kuizuia moja. Anayejua kwamba tishio lake litazuiwa hulileta makusudi, ili zile nyingine zipite. Kwa hiyo mtu anaweza kutengeneza deki kwa wiki nzima akijua haitaguswa.

Marvel Snap, iliyotoka Oktoba 2022 chini ya Ben Brode, aliyewahi kuongoza Hearthstone, imelipeleka jambo hili la kutocheza mbali zaidi. Deki ina karata 12, hakuna inayojirudia, na mchezo ni wa zamu sita. Dau ni vipande vya kupandia ngazi, na huanza na kimoja: kila mmoja anaweza kuliongeza maradufu mara moja, na zamu ya mwisho inaliongeza tena, hadi vipande vinane. Ukiona mambo yamekwenda mrama kabla hujaongeza dau wala mwenzako hajaongeza, unakimbia na kupoteza kipande kimoja. Mchezaji anayeshinda mara nne kati ya kumi, akichukua vinne kila anaposhinda na kukimbia kwa kimoja kila anaposhindwa, anapanda ngazi kwa vipande kumi.