Kilowati si uniti

Niko mwaka wa pili wa uzamili wa uhandisi wa umeme hapa Uingereza, na wenzangu wapya hunijia na bili ya umeme mara nyingi kuliko na maswali ya darasani.

Shida inaanzia kwenye lugha. Kwetu neno "nguvu" linabeba kila kitu: nguvu za mtu, za injini, za umeme. Fizikia inatenganisha. Kani ni msukumo au mvuto, hupimwa kwa nyutoni. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, hupimwa kwa jouli. (Wakenya wanaiita kawi, hata wizara yao inaitwa hivyo, tusigombane.) Halafu kuna kasi ya kutumia hiyo nishati, nayo ndiyo wati: wati 1 ni jouli 1 kila sekunde.

Sasa jamani, hapa ndipo pesa inapopotea. Hita ya chumbani imeandikwa kilowati 2, birika la umeme kilowati 3. Watu wanaona 3 ni kubwa, basi lawama zote kwa mnywa chai! Lakini mita haihesabu kilowati. Inahesabu kilowati-saa, ile ile "uniti" tunayonunua kwa Luku nyumbani: kilowati mara saa. Birika likiwaka dakika 3 linakula uniti 0.15. Hita ikiwaka mfululizo saa 6 inakula uniti 12. Yaani birika 80. Mkikaa kugawana bili, ulizaneni kwanza nani analala na hita.

Neno jingine ni joto. Halijoto ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi. Maharage yakishachemka, ukiongeza moto halijoto ya maji haipandi, inabaki kwenye nyuzi 100 hivi (Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, kama 94). Joto la ziada linageuza maji kuwa mvuke tu. Maharage hayaivi upesi, uniti zinakwenda. Punguza moto, funika. Mwenye haraka atafute sufuria ya presha: mvuke ukibanwa, kanieneo inapanda, maana yake kani inayosukuma kila kipande cha eneo, na maji yanafika karibu nyuzi 120 ndipo yachemke.