Kodi Inapopanda Kando ya Njia ya Mwendokasi: Mpangaji na Kliniki Yake

Tangu Mei 2016 mabasi yaendayo haraka, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wameyazoea kwa jina la mwendokasi, hupita katikati ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni. Tawi moja huingia Kariakoo, na jingine hukata Magomeni na kufuata Barabara ya Kawawa hadi Morocco. Awamu hiyo ya kwanza ina urefu wa takriban kilomita 21. Awamu zilizofuata zimeelekezwa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Miradi ya namna hii inapojadiliwa, yanayosemwa zaidi ni foleni, nauli na muda wa safari. Makala haya yanahusu jambo ambalo mhudumu wa afya hukutana nalo katika rejesta ya kliniki, pengine bila kulitambua: mgonjwa anayelazimika kuhama kwa sababu mtaa aliokuwa akiishi umependwa na wenye fedha.

Magomeni ni mfano mzuri, kwa kuwa njia mbili za mwendokasi zinakutana hapo, na kutoka hapo hadi katikati ya jiji ni mwendo mfupi. Nyumba nyingi za eneo hilo zilijengwa kwa mtindo wa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, choo na bomba vya pamoja. Kila chumba huweza kuwa na kaya yake. Kituo cha basi kinapojengwa jirani, kiwanja kile kile kilichobeba kaya sita huanza kutazamwa kwa jicho jingine. Dalali hubisha hodi. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni mjane au ni ndugu kadhaa waliorithi pamoja, huamua kuuza, au huvunja ukuta wa mbele ili apate fremu za maduka. Hatuwezi kumlaumu, kwani kwa familia nyingi kiwanja hicho ndicho akiba pekee ya uzeeni. Wapangaji, hata hivyo, hupewa notisi na kuanza kutafuta chumba kule ambako kodi inafanana na kipato chao, yaani mbali zaidi na barabara kuu.

Hapa inafaa kutenganisha aina mbili za kuhama. Anayehamishwa na mradi wenyewe, kwa ardhi yake kutwaliwa, analindwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni za fidia za 2001, zinazotambua thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Anayehamishwa na bei hana lolote kati ya hayo. Hakuna ofisi iliyomwondoa, wala jina lake halimo katika orodha yoyote ya walioathirika. Kwa mtazamo wa afya ya jamii huyu wa pili ndiye anayetia wasiwasi zaidi, kwa sababu anatoweka kimya kimya.

Kinachopotea anapohama ni zaidi ya chumba. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini pengine huiweka katika friji ya jirani. Mama mwenye shinikizo la damu anafahamika kwa muuzaji wa duka la dawa wa mtaani, ambaye humkopesha vidonge vya wiki moja mwisho wa mwezi. Mzee aliyepooza upande mmoja ana kijana wa chumba cha pili anayemshika mkono kwenda kliniki. Misaada hii haiandikwi katika faili la mgonjwa, ingawa ndiyo inayoyafanya maandishi ya faili yatekelezeke. Mtu akihamia pembezoni mwa jiji huanza upya kwa watu wasiomjua, na mwenye ugonjwa unaoambatana na unyanyapaa hulazimika kuamua tena nani aambiwe na nani asiambiwe.

Kifua kikuu kinaonyesha tatizo hili waziwazi. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Kodi ya chumba jijini nayo mara nyingi hulipwa kwa miezi sita. Mgonjwa aliyegundulika katikati ya kipindi cha kodi anaweza basi kufikiwa na notisi akiwa hajamaliza dozi. Kwa wakati huo kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, naye anajiona amepona, ilhali vimelea vilivyosalia bado viko hai. Akiacha dawa hapo, ugonjwa unaweza kurudi, safari hii ukiwa na usugu, na atauingiza katika chumba kipya ambacho huenda ni kidogo na kina watu wengi kuliko kile alichotoka. Mnyororo unaoanza na bei ya kiwanja unaweza kuishia katika wodi ya kifua kikuu sugu.

Shinikizo la damu halina kikohozi cha kumkumbusha mgonjwa. Kliniki ikiwa mbali kwa mabasi mawili, na siku ya kliniki ikiwa siku bila kipato, ni rahisi kuiruka mara moja, kisha mara mbili. Tuongeze usingizi wa mtu anayesubiri notisi ya kuondoka. Wasiwasi wa muda mrefu huvuruga usingizi na hamu ya kula, huchochea ulevi kwa baadhi ya watu, na huwaelekeza wengine katika sonona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wakazi wa New York walioondoka katika mitaa iliyokuwa ikipanda hadhi ulionyesha kwamba waliohamia mitaa mingine maskini walifika idara za dharura na kulazwa hospitalini zaidi kuliko wenzao waliobaki, hasa kwa matatizo ya afya ya akili. New York si Magomeni, na mfumo wao wa afya haufanani na wetu. Hata hivyo, njia ambayo madhara hupitia ni ile ile.

Haitakuwa haki kuzungumzia hasara peke yake. Barabara yenye njia za waenda kwa miguu na vivuko vilivyopangwa ni salama zaidi kwa mtoto wa shule, na mgonjwa wa Kimara anayekwenda mjini hupunguziwa muda mwingi barabarani, ijapokuwa njia hukatika pale Jangwani bonde la Msimbazi linapofurika. Swali ni nani atakuwapo kufaidi. Magomeni Kota inatoa jibu la aina yake: kaya 644 ziliondolewa katika nyumba za zamani za serikali, zikakaa kwingineko kwa takriban muongo mmoja, na mwaka 2022 majengo mapya ya ghorofa yakazinduliwa kwa ajili yao. Kurudi kunawezekana basi, kukiwa na orodha ya majina na ahadi inayosimamiwa. Miaka kumi, hata hivyo, inatosha mtoto kuzaliwa na kumaliza nusu ya elimu ya msingi mahali pengine. Mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi hana hata orodha hiyo.

Yako mambo ambayo kliniki inaweza kuyafanya bila kusubiri wapanga miji. Katika kila hudhurio la mgonjwa wa muda mrefu, aulizwe kama bado anaishi pale pale, kodi yake inakwisha lini, na kama anatarajia kuhama. Swali hilo huchukua nusu dakika. Namba ya simu ya ndugu asiyeishi naye iandikwe pia, kwa kuwa jirani aliyeandikwa mwaka jana huenda naye amehama. Asiyeonekana kwa miezi miwili asiitwe mtoro kabla ya kutafutwa. Neno hilo hubeba hukumu, na mgonjwa aliyelisikia likitajwa dirishani si rahisi arudi. Kwa anayetumia ARV na hali yake imetulia, kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja humvusha salama wakati wa kuhama.

Nawe mgonjwa, ukipata notisi, pita kliniki kabla hujafunga mizigo. Omba barua ya uhamisho inayotaja ugonjwa, dawa, kiasi na tarehe uliyoanza, na omba dawa za kukutosha hadi utakapopokelewa kituo kipya. Kadi ya kliniki, kadi ya mtoto na majibu ya vipimo yabebwe mkononi pamoja na dawa, yasiwekwe katika gari la mizigo. Ukiwa umekwisha kuhama bila barua, nenda na kadi yako, au hata pakiti tupu za dawa, katika kituo cha afya kilicho karibu zaidi na makazi mapya, ueleze ulikuwa ukitibiwa wapi. Wahudumu wa pale wanaweza kupiga simu kituo ulichotoka, na tiba ikaendelea bila kukatika.