Hiyo "First Edition" Unauziwa Inama ni Original ama Unachezwa?

Msee, siku utapata kitabu cha David Maillu kimelala kwa gunia pale tao, kati ya Biblia na past papers za KCSE, usionyeshe furaha. Muuzaji akijua unakitaka, bei inatoka finje inafika ngiri, na sababu atakupa ni moja: "Hii ni first edition, cheki, 1973."

Huo mwaka peke yake haukusaidii. Unakuonyesha kitabu kilitoka lini mara ya kwanza, sio hiyo nakala umeshika ilichapwa lini. Kitabu kinaweza kuchapwa mara sita na 1973 ibaki pale pale.

Wenye hukusanya vitabu wakisema first edition, wanamaanisha ile chapa ya kwanza kabisa. Kwa hivyo fungua ukurasa wa hakimiliki, ule uko nyuma ya ukurasa wa jina. Ukiona "First published 1973" na chini yake "Reprinted 1974", hiyo ni ya baadaye, hata kama kava ni ile ile. Publisher wengi wa siku hizi huweka mstari wa namba. Kama 1 bado iko, uko na chapa ya kwanza. Namba ndogo ikiwa 3, hiyo ni ya tatu. Rahisi.

Noma inaanza na publisher wadogo, juu wengi hawakufuata hizo sheria. Chukua Comb Books, kampuni Maillu alianzisha hapa Nairobi miaka ya sabini. Vitabu vyake vilikuwa vidogo, bei ya mwananchi, stori za pombe na mapenzi, hadi Tanzania ikavipiga marufuku 1976. (Babako huenda alivisoma. Usimuulize mbele ya mathee.) Hapo lazima ugeuke mpelelezi. After 4.30 ilitoka kwa Comb Books 1974, so ukiona imeandikwa Maillu Publishing House, hiyo ilirudishwa sokoni miaka ya themanini. Kisha soma matangazo ya vitabu vingine mwishoni na kwa kava ya nyuma. Kitabu cha 1973 kikitangaza cha 1975 kama kiko dukani, basi kilichapwa 1975 ama baadaye. Hiyo ndiyo mbinu naamini kuliko zote, juu watu hukumbuka kubadilisha bei na kusahau matangazo.

Song of Lawino ya Okot p'Bitek nayo ilitoka East African Publishing House, Nairobi, 1966. Wakati huo ISBN hazikuwa zimeanza, so nakala iko na ISBN si ya kwanza. Ikitaja Song of Ocol kama kitabu kimeshatoka, hiyo ni 1970 kuendelea. Na zote mbili zikiwa ndani ya kava moja la Heinemann, hicho ni kitabu poa cha kusoma, lakini lipa bei ya kusoma.

Muhuri wa library ya shule hushusha bei. Sahihi ya mwandishi huipandisha, so usiifute ukidhani ni uchafu. Kava ikiwa imeraruka, iache hivyo, seloteip huharibu zaidi.

Na muuzaji akikataa ufungue huo ukurasa kabla ulipe, rudisha kitabu kwa gunia uishie.